Mtoto wa Panga ya Saidi: ilistahili mifupa yake kupigwa picha?

Wa Kibokoni: Jana barazani tulibishana juu ya yule mtoto aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi. Mifupa yake ilikuwa dhaifu mno kuchimbuliwa mmoja mmoja, kwa hiyo ilifungwa kwa plasta pamoja na udongo wake, ikapelekwa Nairobi, kisha Burgos, Uhispania, ikapigwa picha za eksirei. Mimi nasema kaburi ni kaburi. Nyinyi mwaonaje?

Mjukuu wa Nahodha: Unalaumu kilichomsitiri. Eksirei hupenya udongo, na kompyuta huunganisha picha zilizopigwa kutoka kila upande mpaka mfupa ukaonekana mzima ilhali umefukiwa. Ndivyo ilivyojulikana kwamba alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, na kwamba kwa meno yake alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Wazee wa baraza hawayajui haya, ndiyo maana wanabisha.

Bi Mkubwa wa Tudor: Hatuyajui? Filamu ya eksirei ya mkono wa marehemu mume wangu iko juu ya kabati hadi leo. Nikiielekeza dirishani nauona ufa mweusi katika mfupa mweupe, ufa ambao daktari wa kwanza alisema haupo. Picha haina neno. Ila Mtume (SAW) amesema kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, na nyinyi wasomi hamuishii kwenye picha. Tena mashine za skani zimejaa mjini. Uhispania kuna nini?

Mjukuu wa Nahodha: Shikamoo Bibi, nimekosa. Skani ya hospitali huonyesha vipande vya unene wa karibu nusu milimita, ilhali ile ya maabara huona hata kilicho chembamba kuliko unywele. Kuhusu kuvunja, ni kweli kwamba vinasaba (DNA), vinavyoonyesha asili ya mtu, havipatikani kwa picha. Hutakiwa unga wa mfupa au jino, kama ilivyofanywa kwa watu 80 wa kale, wakiwemo wa Mtwapa na Manda, miji ya kale ya pwani ya Kenya, katika utafiti uliotolewa 2023.

Kijana wa Likoni: Utafiti huohuo uliosema kwamba wengi wao mabibi zao wa kale ni Waafrika na mababu zao wametoka Uajemi! Waliokuwa wakiucheka Ushirazi wetu, yaani asili yetu ya Shirazi huko Uajemi, wako wapi leo?

Mjukuu wa Nahodha: Soma vizuri, ndugu. Kwa wengi, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika.

Kijana wa Likoni: Kwani nani amekataa? Wewe umeona Uajemi tu ukashtuka.

Wa Kibokoni: Jamani, niliuliza habari za kaburi la mtoto, sikuuliza koo za watu.

Bi Mkubwa wa Tudor: Waache, mwanangu. Mimi nangoja kuambiwa ule unga, baada ya kupimwa, hurudishwa kaburini au humwagwa.