Mkojo umekuwa rangi ya mkandaa, naomba ushauri

TukTuk_Bamburi: Hodi wakubwa. Naendesha tuktuk Bamburi hadi Mjini kutwa, maji nanywa nusu lita tu kwani choo njiani hakipatikani. Wiki hii mkojo ni mchache, rangi ya mkandaa, kama chai ya rangi. Ni figo?

BiKhadija_K: Mwanangu, chumvi hiyo. Mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na humo humo imo ya achari, viazi karai na mkate. Chumvi hupandisha presha, na presha huharibu mishipa ya figo.

Mvita_Kale: Muguka, yale majani kama miraa, watafuna? Huo nao hupandisha presha. Vijana mwajimaliza wenyewe.

Mfamasia_Kisauni: Watumia dawa gani? Taja zote, hata za dukani.

TukTuk_Bamburi: Ya mgongo tu. Diklofenaki miligramu 50, mara tatu kwa siku, mwezi wa tatu sasa. Bila hiyo siendeshi.

Mfamasia_Kisauni: Na ya presha?

TukTuk_Bamburi: Losatani, ile iliyochanganywa na ya kukojosha. Lakini hiyo niliandikiwa kliniki, haina neno. Tena nishalipia dawa ya miti ya kusafisha figo, naanza kesho.

Mfamasia_Kisauni: Hapo ndipo penyewe. Diklofenaki hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio za figo, losatani hulegeza ule wa kutolea, ya kukojosha hupunguza maji, nawe hunywi. Chujio hukosa msukumo. Acha diklofenaki leo. Losatani usiikate kwa kujiamulia, piga simu kliniki sasa hivi. Maumivu meza parasetamoli za miligramu 500, mbili kila saa 6, zisizidi 8 kwa siku. Ya miti usiiguse, hujui kilichomo.

Mvita_Kale: Uzi wa kutunga huu. Mara mkojo, mara mgongo, mara presha. Mwisho atatupa nambari ya muuza miti.

TukTuk_Bamburi: Wallahi siuzi kitu. Presha sikuitaja kwa kuwa wa nyumbani wamo humu.

BiKhadija_K: Hata akiwa katunga, wako wanaomeza hivyo hivyo. Mwanangu, miguu imevimba?

TukTuk_Bamburi: Jioni viatu hunibana.

Mfamasia_Kisauni: Basi huenda maji yabaki mwilini, usijilazimishe maji mengi kabla ya kipimo. Nenda leo upimwe kreatinini (taka inayochujwa na figo) na potasiamu (madini) kwenye damu, protini kwenye mkojo. Beba pakiti zote. Mkojo ukikatika au pumzi zikibana, usingoje kuche.

TukTuk_Bamburi: Nina abiria wa Nyali, nikimshusha naenda. Pakiti ziko chini ya kiti.