Ushauri wenu: jiwe la matumbawe ya kale, niling'arishe vipi bila kuliharibu?

Mwalimu_Igoma:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha jiografia hapa Mwanza. Dada yangu kaniletea jiwe aliloliokota ufukweni Ziwa Michigan, Marekani. Likiwa kavu ni la kijivu tu. Ukilichovya majini linajaa sega la nyuki, kila kitundu kina pembe tano au sita na doa jeusi katikati. Darasa zima walishika vichwa! Nataka ling'ae hivyo hata likikauka. Fundi wa marumaru ananishauri niliroweke kwenye tindikali ya betri. Nimsikilize? Halafu mwanafunzi kauliza kama tukitafuta Bwiru tutapata kama hili.

Binti_Kirumba:
Mwalimu, usithubutu! Hilo ni jiwe la chokaa, tindikali italila lote. Hayo ni matumbawe ya Hexagonaria, yaliyoishi bahari ya kina kifupi zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita na sasa yametoweka. Kule huliita jiwe la Petoskey, na tangu 1965 ndilo jiwe rasmi la jimbo la Michigan. Kila kitundu kilikuwa nyumba ya mnyama mmoja. Hapo penye doa ndipo palipokuwa mdomo wake, pakajaa tope.
Chukua msasa wa maji namba 220, sugua taratibu huku ukilowesha. Mikwaruzo ikiisha nenda 400, kisha 600. Malizia na kitambaa cha mahameli. Jiwe lenyewe ni laini, mkono unatosha, mashine ya nini?

Mzee_wa_Ukerewe:
Kuhusu Bwiru, mwambie kijana hapana, ila msifu kwa kuuliza. Mawe yetu, hata lile la Bismarck, ni graniti: uji wa moto uliopoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, wakati hakuna mnyama hata mmoja duniani. Matumbawe hayawezi kuwemo. Na ziwa letu ni la maji baridi, si mabaki ya bahari. Mkipata safari ya Tanga, mapango ya Amboni yako kwenye mawe ya chokaa ya baharini.

Mwalimu_Igoma:
Asanteni sana, mmeniokolea jiwe. Shikamoo mzee wangu. Msasa wa 220 ninao, ila 600 dukani sijaupata.

Binti_Kirumba:
Waulize mafundi wa rangi za magari, hawakosi. Na anza upande wa nyuma kwanza, mkono uzoee.