Mjadala: Je, majina ya watoto wanaocheza video yaandikwe na kupelekwa ofisini?

Yaya wa Kamalondo

Ndugu zangu wa Lubumbashi, na nyinyi wa Likasi na Kolwezi, hodi. Jumapili iliyopita watu wa avenyu yetu tulikaa chini ya mwembe, kwenye parsele ya mzee mmoja, kuzungumzia sale za video, vile vyumba ambamo vijana wanacheza PlayStation kwa kulipia mechi. Hoja iliyoletwa ni hii: kila mwenye sale afungue daftari. Mtoto akiingia aandikwe jina, umri, shule, nambari ya simu ya mzazi, saa ya kuingia na saa ya kutoka, halafu apigwe picha kwa simu. Kila Jumamosi daftari lipelekwe kwenye ofisi ya serikali ya hapa. Wengi waliinua mkono. Mimi sikuinua, nikaambiwa natetea uhuni. Naomba tulijadili hapa kwa nafasi.

Sale hizo nazijua, nimekulia ndani yake. Ile niliyoizoea, komini ya Kenya hapa hapa Lubumbashi, ilikuwa chumba kidogo chenye televisheni mbili, benchi la mbao, mashine imekaa juu ya kreti ya bia, na maneti moja, kile kishikio cha kuchezea, iliyofungwa utepe mweusi kwa sababu kitufe cha kupigia shuti kilikuwa kimelegea. Ukifungwa unainuka, mwenzako anakaa. Umeme ukikatika dakika ya themanini, ubishi wa nani alipe ulikuwa mkali kuliko wa timu zetu za mpira, Mazembe na Lupopo. Humo ndimo nilimopata marafiki ninaosalimiana nao mpaka leo. Humo pia nilimwona mwenzangu akimaliza feza ya masomo ya mwezi mzima kwa siku nne. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba sijui ubaya wake.

Ninachokataa ni daftari.

Mwezi wa nane nilinunua karanga sokoni. Mama aliyeniuzia alizifunga kwenye karatasi, kama kawaida. Nilipofika nyumbani nikaikunjua, na ilikuwa ukurasa wa orodha. Majina kumi na manane, tarehe za kuzaliwa, jina la baba, jina la mama, nambari za simu, na chini kabisa alama za vidole. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyefanya kazi yake kwa bidii. Ofisi siitaji. Lakini watu wale kumi na wanane walipanga foleni, wakajibu maswali kwa ukweli, wakachovya kidole kwenye wino, na sasa maisha yao yalikuwa yamelowa mafuta ya karanga mezani kwangu. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Niliichoma karatasi ile, na tangu siku hiyo nikisikia «tuandike tu majina» moyo unanidunda.

Sasa tuje kwenye sheria. Katiba yetu ya 18 Februari 2006, ibara ya 31, inasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha, na siri ya barua zake na mawasiliano yake, na haki hiyo haiguswi isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Sheria, ndugu zangu, si kikao cha mwembe. Tena tangu 13 Machi 2023 tuna Kode ya numeriki, sheria ya mambo ya kidijitali, yenye sehemu nzima juu ya ulinzi wa data za mtu. Na Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kongo iliuridhia mwaka 1990, unamtaja mtoto mwenyewe katika ibara ya 16: naye ana faragha yake, si baba na mama peke yao.

Mtasema haya ni maneno ya wanasheria. Basi tukumbuke tuliyoyaona kwa macho. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, SMS zilizimwa nchi nzima. Januari 2015, watu walipoandamana kwa ajili ya sheria ya uchaguzi, intaneti ikazimwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja tu baada ya kupiga kura, ikazimwa tena, na tukakaa karibu siku ishirini hatujui ndugu zetu walio mbali wameamkaje. Halafu RAM, ile rejista ya vifaa vya simu. Ilipoanza mwaka 2020 tuliambiwa ni ya kutulinda na simu za wizi na za bandia. Muda si mrefu ikawa inakata inite, yaani salio la simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Nchi nzima ililalamika, bungeni pia, mpaka ikaondolewa mwaka 2022. Iliingia kama rejista ya ulinzi, ikatoka kama kodi.

Mimi nasema tubane mlango, mtoto tumwache. Mwenye sale apewe masharti: asimpokee mwanafunzi saa za masomo wala aliyevaa sare, kusiwe na kamari ya feza, mlango ufungwe saa mbili usiku, na mtu mzima awepo muda wote. Akikosea, atozwe faini yeye. Katika hayo yote, jina la mtoto linahitajika wapi?

Mama Mapacha, Katuba

Yaya, nimekusoma mpaka mwisho, na pole kwa hizo karanga. Lakini wewe hujazaa. Kijana wangu ana miaka kumi na minne. Muhula uliopita alitoka kila asubuhi na shati jeupe na suruali ya bluu, kitabu kwapani, nikimtazama mpaka kona. Kumbe alikuwa na fulana ndani ya begi. Alikuwa anabadilisha nguo nyuma ya ukuta wa kanisa, anakwenda sale. Mimi nauza bukari (ugali) na samaki, naamka saa tisa za usiku, na feza ya masomo nilikuwa nampa mkononi. Nilikuja kujua siku ya matokeo. Sharti lako la sare lingemzuia vipi, na yeye sare kaificha? Kama daftari lingekuwepo na nambari yangu imo, mtu angenipigia. Faragha ya mtoto wa miaka kumi na minne ni kitu gani mbele ya mama anayelia?

Mwenye sale, komini ya Kenya

Na mimi niseme, maana ni sisi tunaosemwa. Nina mashine mbili na familia ya watu saba. Sijaanza hata kuandika daftari na tayari kila wiki anakuja mtu na kofia, anauliza karatasi, naonyesha karatasi, anauliza nyingine ambayo hajawahi kuitaja, mpaka nitoe kitu. Mkinipa daftari, mtu huyo atapata sababu mpya ya kuja: «Huyu ameandikwa vibaya. Huyu umri wake si huu. Picha hii haionekani.» Kila kosa na bei yake.

Yaya naye nimjibu: kuna watoto wanaosoma asubuhi na wengine wanaosoma mchana, shule moja, madarasa yale yale. Akiniingia saa tatu asubuhi bila sare, nitajuaje kama ametoroka au zamu yake ni ya mchana? Sharti la saa si rahisi kama linavyoonekana ukiwa chini ya mwembe.

Mwalimu wa Ruashi

Nina miaka kumi na tisa darasani. Naunga mkono daftari. Shirika la Afya Duniani limeshaweka uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa, na orodha hiyo inatumika tangu Januari 2022. Si hadithi ya wazazi. Uchina mwaka 2021 waliamua mtoto chini ya miaka kumi na minane acheze mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili mpaka saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na siku za sikukuu. Basi. Na wana jina la kweli la kila mchezaji. Nchi ile imeendelea kwa sababu inajua watoto wake wako wapi. Sisi tunazungumza faragha huku kizazi kinapotea mbele ya kioo. Serikali ni mzazi wa wote, na mzazi haombi ruhusa kumwandika mwanawe.

Kijana wa Kampemba

Wakubwa, shikamoo. Naona mnabishana juu ya daftari wakati simu zenu mfukoni zimeshaandika kila kitu. Mchezo ninaocheza kwenye simu uliomba mikrofoni, mahali nilipo na nambari za watu wote ninaowajua, nikabonyeza «kubali» kwa sababu nilikuwa na haraka. Betri ya simu hiyo ina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, huku kwetu Katanga. Madini yetu yanakwenda, yanarudi yametengenezwa jicho la kututazama. Kama kampuni ya mbali inajua nalala saa ngapi, kwa nini ofisi ya hapa isijue nacheza saa ngapi? Nauliza kwa nia njema.

Yaya wa Kamalondo

Nawajibu mmoja mmoja, maana kila mmoja kaleta jambo lake.

Mdogo wangu wa Kampemba, swali lako ni zuri, na jambo la kobalti linaniuma kama linavyokuuma wewe. Lakini kampuni ikijua unalala saa ngapi, itakutafutia kitu cha kukuuzia. Ni vibaya, na ukiweza zima hizo ruhusa leo hii, nenda kwenye mipangilio, mikrofoni kwanza. Ofisi ina kitu ambacho kampuni haina: ina mtu wa kuja kugonga mlango. Siku kutakapokuwa na fujo mtaani na kijana katupa jiwe, watafungua daftari gani kutafuta vijana? Watafungua hilo, na wewe utakuwa umo, picha na saa, kwa sababu tu ulikuwa unacheza mpira wa televisheni na wenzako.

Mwalimu, nakuheshimu, na uraibu sijaukana. Lakini umetaja Uchina, ukaiacha Korea Kusini. Wao walipiga marufuku watoto chini ya miaka kumi na sita kucheza mtandaoni kuanzia saa sita za usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Sheria ilianza mwaka 2011. Watoto wakatumia nambari za vitambulisho vya wazazi wao. Baada ya miaka kumi serikali yenyewe ikaamua kuifuta na kuwaachia wazazi na watoto wapange saa. Nayo ni nchi yenye kitambulisho imara, na sisi mpaka leo tunatembea na kadi ya mpiga kura ambayo maandishi yake yanafutika mfukoni. Na hilo la serikali kuwa mzazi silikubali. Mzazi ni Mama Mapacha anayeamka saa tisa. Serikali tunaichagua, na tukitaka tunaibadilisha. Mzazi habadilishwi.

Mwenye sale, umenishinda kwenye habari ya zamu. Sharti la saa za masomo nalitoa. Nabaki na sare, kamari, saa ya kufunga, na faini ilipwe kwa risiti, si mkononi mwa mwenye kofia.

Mama Mapacha, kwako sina jibu la haraka. Kweli sijazaa. Nimesoma maneno yako mara tatu, hasa hapo uliposema ulimtazama mpaka kona. Nakuuliza kitu kimoja tu, na usikichukue kama lawama: hizo siku zote alizokuwa nyuma ya ukuta wa kanisa, hakuna daftari lolote lililoandika kwamba hayupo?

Mwalimu wa Ruashi

Daftari la mahudhurio lipo, sikatai. Tunaita majina kila asubuhi. Ila darasa langu lina watoto sabini na wawili, na inite za kupigia wazazi natoa mfukoni mwangu. Yaya asifikiri ni rahisi.

Mama Mapacha, Katuba

Mwalimu, simjui mwalimu wa mwanangu kama ni wewe au mwingine, nasema na wote. Jana jioni, baada ya swali la Yaya, nilikwenda shuleni nikaomba kuona hilo daftari. Wamenionyesha. Jina la mwanangu lina alama nyekundu siku kumi na moja. Mbele ya jina imeandikwa nambari yangu ya simu, sawasawa, haina kosa hata moja. Niliisoma kwa sauti, na simu yangu ilikuwa mkononi.

Jumapili nakuja kikaoni. Inite za mwalimu tutachanga, wazazi wa kila darasa, na mimi nitaanza na mia tano. Mkono nilioinua kwa ajili ya daftari la sale naushusha.