Wakuu, bwawa la shamba: nitandike turubai au niongeze mfinyanzi?

Mkulima_Mkame: Habari zenu wakuu. Niko wilaya ya Kongwa, Dodoma. Nina shamba linalopitiwa na korongo. Msimu wa mvua linafurika, kiangazi ni mchanga mtupu. Nimeamua kulikinga kwa tuta la udongo nipate bwawa la kunyweshea ng'ombe na kumwagilia vitunguu. Swali langu ni moja tu: ili maji yasipotee, kipi bora, kutandika turubai zito la plastiki au kuongeza mfinyanzi upande wa maji? Bei ya turubai nimeulizia, imenikata maini. Aliyewahi kufanya anisaidie haraka, usingizi sina.

Sato_Kwanza: Hongera sana mkuu. Usiishie kwenye vitunguu, weka sato, na kambale wachache wapunguze vifaranga visizaliane kupita kiasi. Mimi nilianza na kidimbwi cha uani, sasa nauza kila wiki. Ukitaka vifaranga nitafute pembeni.

Mama_Mbegu: Mwanangu, kibali unacho? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka uombe kwa Bodi ya Maji ya Bonde, na korongo za Kongwa humwaga Bonde la Wami/Ruvu. Tena tangu 2013 mabwawa yana kanuni zake za usalama. Maji ya korongo yana wenyewe huko chini. Ukiyakinga bila kuwaambia, umewanyang'anya.

Tuta_na_Maji: Mkulima, hakuna anayekosa usingizi kwa ajili ya turubai. Tuta lina kimo gani? Umelishindilia na nini? Na utoro wa maji, ile njia ya kupunguza maji yakizidi, umeuweka wapi?

Mkulima_Mkame: Mkuu, tuta limeshasimama. Pale katikati linafika kama mita tatu na nusu. Nilikodi kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kikachota udongo palepale na kupanga. Kimepita juu yake mara nyingi sana, limeshiba. Utoro, fundi alisema tuusubirie mwakani, tukishaona maji yanafika wapi. Ni mzoefu, amechimba malambo mengi huku. Narudia, swali langu ni turubai au mfinyanzi.

Tuta_na_Maji: Lambo la kuchimba kwenye tambarare ni kitu kingine. Lile maji yako chini ya usawa wa ardhi, likijaa linamwagika tu. Wewe umeyaninginiza maji juu ya ardhi, yanalisukuma tuta usiku na mchana.

Kijiko hakishindilii. Minyororo yake imetengenezwa kutawanya uzito ili kisizame, kwa hiyo juu panakuwa pagumu na ndani pamebaki matundu. Udongo unamwagwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, unalowana kiasi kwamba ukiufinyanga mkononi unashikana bila kutoa maji, ndipo unapitishiwa rola, tabaka baada ya tabaka. Kabla ya hapo unaondoa majani na mizizi yote, unachimba mtaro chini ya tuta mpaka ukutane na udongo usiopitisha maji, unaujaza mfinyanzi. Ulichimba huo mtaro? Mteremko wa upande wa maji uwe mita tatu kwenda mbele kwa kila mita moja ya kimo, upande mkavu mbili au mbili na nusu. Na utoro hausubiri mwakani, kwa sababu tuta la udongo halijui kupitisha maji juu ya mgongo wake. Yakipita juu saa moja tu ya mvua kubwa, huna tuta.

Halafu chukua donge kavu la udongo uliotumia, litumbukize kwenye glasi ya maji masafi, usilikoroge. Maji yakigeuka mawingu yenyewe, udongo huo unayeyuka. Maeneo makavu ya Dodoma upo.

Mwisho, maji yameshaingia?

Lambo_la_Usukumani: Anachosema huyu bwana ni kweli. Sisi Shinyanga adui yetu ni ng'ombe. Baba alijenga lambo zuri, akaacha mifugo ishuke popote. Kwato zikakata kingo, tope likashuka, kenge wakatoboa upande wa pili. Kila kiangazi tulikuwa tunazoa tope kwa karai, na baba alisimamia mwenyewe akiwa na fimbo, hakuna aliyekwepa. Weka uzio na mbauti ya kunyweshea nje, mkuu, ng'ombe wasiguse bwawa kabisa.

Kijana_wa_Kibaigwa: Udongo wa Kongwa msiuchezee. Waingereza walileta mashine zao hapa mwaka 1947 kulima karanga, ardhi ikawakatia majembe ya trekta mpaka wakafunga virago. Leo kijiko kimoja cha kukodi kinataka kushinda, haha.

Mkulima_Mkame: Maji yameingia, nusu ya bwawa. Nyuma ya tuta kuna unyevunyevu kidogo. Fundi anasema kila tuta jipya linatoa jasho. Ndiyo maana naulizia turubai. Mtaro wa chini hatukuchimba, ardhi ilikuwa ngumu, ikaonekana inatosha.

Hakuna_Chai: Wakuu mnachoshwa bure, hii ni chai, stori ya kutunga. Asubuhi "nimeamua kujenga", mchana tuta limesimama, jioni lina maji nusu na linavuja. Turubai utalitandikaje ndani ya maji, kwa kupiga mbizi? Weka picha.

Sato_Kwanza: Hata mimi nimeanza kushtuka. Juzi juzi kulikuwa na yule wa kisima kinachotoa mafuta, tukamshauri wiki nzima.

Mama_Mbegu: Hata kama ametunga, mwingine atasoma na atanufaika. Lakini nyie mna haraka ya kumwita mtu mwongo kuliko kumsikiliza.

Hakuna_Chai: Mama, nikuheshimu, ila picha haijamwua mtu.

Mkulima_Mkame: Mtandao wa huku haupandishi picha, hata huu ujumbe natuma nikiwa juu ya kilima. Haya, nieleze mwone kama natunga. Chini ya tuta tulilaza bomba la inchi nne la kumwagilia. Koki nimeifunga. Maji hayatoki ndani ya bomba, yanatoka pembeni mwake, upande wa chini, kwenye tundu linaloingiza kidole gumba. Jana yalikuwa machozi. Leo yanatiririka, yana rangi ya uji wa ulezi, na yamejenga duara la udongo laini kuzunguka tundu. Nilipachika mfinyanzi na gunia, baada ya muda yakatokea hatua mbili pembeni. Mtu atunge haya ili apate nini?

Tuta_na_Maji: Hakuna_Chai, achana naye. Duara la udongo laini kuzunguka tundu hawezi kulijua asiyeliona.

Mkulima, maji masafi yanayovuja ni hasara. Maji machafu yanayovuja ni tuta linalotoka kidogo kidogo. Yanapita kandokando ya bomba kwa sababu udongo wa chini ya tumbo la bomba haukushindiliwa, na hukuweka kola za zege kulizunguka bomba za kuyakatia njia. Sahau turubai. Nani anakaa chini ya hilo bwawa?

Mkulima_Mkame: Kuna nyumba kando ya korongo.

Tuta_na_Maji: Za nani? Umbali gani?

Mkulima_Mkame: Kaka yangu mkubwa na familia yake, na wapangaji wake. Si mbali, sauti inafika. Hakulitaka hili bwawa, alisema korongo ni mpaka wetu sote. Hatusemezani tangu kijiko kilipoingia. Nikienda kumwambia linavuja atasema niliyataka. Nilitaka nilizibe kwanza.

Nakuru_Juu: Naandika kutoka Kenya. Tarehe 9 Mei 2018, usiku, bwawa la udongo la shamba lilipasuka hapa Solai. Watu zaidi ya 40 walikufa, watoto wengi. Lilikuwa kubwa kuliko lako, lakini huko pia watu walikuwa wanaishi chini yake. Ndugu, nenda kwa kaka yako sasa hivi. Akutukane, ila atoke.

Mama_Mbegu: Kama huwezi kumkabili, mpitie mwenyekiti wa kitongoji au mzee mnayemheshimu wote wawili. Ugomvi wa korongo utasuluhishwa kesho mchana.

Tuta_na_Maji: Nyumba zihamwe kabla giza halijaingia, na waifahamishe ofisi ya kijiji ipige simu wilayani. Kisha shusha maji. Pampu zozote za kumwagilia mnazoweza kuazima ziwekwe upande wa bwawa. Chimba mfereji pembeni kabisa, kwenye ardhi ya asili ambayo kijiko hakikuigusa. Usithubutu kukata tuta lenyewe. Pale penye tundu usizibe tena na mfinyanzi, maji yatatafuta pengine kama yalivyofanya. Ukiweza kulifikia kwa usalama, funika na mchanga mkavu wa korongoni, juu yake kokoto, juu yake mawe. Maji yapite, udongo ubaki. Mtu mmoja aangalie rangi kutoka juu ya ukingo, asisimame chini. Maji yakizidi ghafla, wote mwondoke.

Mkulima_Mkame: Mwenyekiti amekwenda, mimi nimemfuata. Kaka ametoka na watu wote, wako kwa shemeji huko mlimani. Anataka tuta libomolewe lote. Nimemjibu hapana, nimeuza ng'ombe kwa ajili ya hili tuta. Amenyamaza, kisha ameleta pampu yake na wanawe wawili wenye majembe. Mfereji umefika kiunoni, maji yameanza kuupita. Kwenye tundu tumemwaga mchanga na kokoto, rangi imepungua. Sasa nauliza, yakishuka, naweza kuchimbua pale penye bomba tu?

Tuta_na_Maji: Likikauka, ndiyo, lakini si kwa kufukua kamtaro. Unafungua mpaka ardhi ya asili, kuta za shimo ziwe za mteremko, bomba linatoka, udongo unarudi kwa tabaka na rola. Umwagiliaji tumia pampu, au sifoni, bomba linalovuta maji bila mashine, ipite juu ya tuta. Na huo mfereji mnaochimba usiku huu upanueni na kuupanga mawe, ndio utoro wako. Pampu zisizimwe, mkeshe kwa zamu.

Hakuna_Chai: Mkuu, niko Mpwapwa, nina pampu ya dizeli ya inchi tatu. Nielekeze njia.