Indiketa za LED kwenye skuta ya GY6 zinawaka zote nne, na bodi nataka kuibadilisha

kijana_makorora

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo kwa wanaojua umeme wa skuta na kazi za bodi. Chombo ni skuta ya Kichina, injini GY6 ya 150cc, umeme wa volti 12. Indiketa za asili zilikuwa zile pana zilizozama ndani ya bodi, balbu za wati 10 kila moja. Zimetoka, na mahali pake zimefungwa LED nne ndogo za kijiti.

Hali ilivyo: nikiwasha kushoto zinawaka zote nne, za kulia zikiwa hafifu. Kasi yake ni kama mara 3 kwa sekunde. Nikishika breki, indiketa ya nyuma kushoto nayo inatoa mwanga kidogo hata kama swichi imezimwa. Dashibodi ina taa moja tu ya indiketa, ule mshale wa kijani wenye ncha mbili.

Upande wa bodi: kava la mbele limepasuka kwenye tundu za skrubu, na supaglu haidumu hata wiki. Matundu ya indiketa za zamani yako wazi. Nataka pia kukata mkia pamoja na madigadi ya nyuma, halafu nipake bluu isiyong'aa. Niko Tanga mjini. Nianze na lipi?

fundi_waya

Mgosi, hayo ni magonjwa matatu yaliyovaa kanzu moja. Usinunue kitu kabla hujayatenganisha.

Kasi kwanza. Balbu mbili za wati 10 upande mmoja zinavuta wati 20, yaani kama ampea 1.7. LED mbili za wati 1.5 zinavuta wati 3, robo ampea. Flasha, yaani kidude kinachofanya indiketa zipepese, ile ya asili inaendeshwa na mzigo: ikiona umeme mdogo inadhani balbu imeungua na kuharakisha, au kwa zile za zamani za bati linalopinda kwa joto, inaganda bila kupepesa kabisa. Dawa ni flasha ya elektroniki ya LED. Itafute chini ya kava la mbele. Mara nyingi ni kidude cheusi kimevalishwa mpira na kinalia tik-tik. Ya pini mbili ina B (umeme unaoingia baada ya swichi ya funguo) na L (unaokwenda kwenye swichi ya indiketa). Ya pini tatu inaongeza E, ambayo ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia chuma cha fremu. Ukinunua ya pini tatu wakati soketi yako ni ya mbili, vuta waya mmoja tu wa ethi kutoka kwenye fremu. Usibahatishe B na L, maana flasha nyingi za elektroniki zikigeuzwa haziwaki, na nyingine zinakufa hapo hapo. Kasi sahihi ni mapigo 60 hadi 120 kwa dakika. Yako sasa iko 180.

Zote nne kuwaka: mkosaji ni ile taa moja ya dashibodi. Balbu yake haina ethi. Mguu mmoja umeshika waya wa kushoto, mwingine wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme unapita ndani ya balbu hiyo kwenda upande wa kulia na kutafuta ethi kupitia balbu za kulia. Zilipokuwa za wati 10, umeme huo mdogo haukutosha kuziwasha. LED inatosheka nao. Kwa hiyo ukibadilisha flasha peke yake, zitaendelea kuwaka nne, ila kwa kasi nzuri.

Unahitaji dayodi mbili za 1N4007, vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Kata nyaya zote mbili za balbu ya dashibodi. Waya wa kushoto uingie dayodi ya kwanza, wa kulia uingie ya pili, upande usio na mstari. Ncha mbili zenye mstari wa kijivu ziunganishe pamoja na kuzipeleka mguu mmoja wa balbu. Mguu wa pili upeleke ethi. Lehemu kwa risasi, vika kila dayodi mpira wake wa kusinyaa kwa joto, kisha funga yote kwa tepu ya umeme. Dayodi hizo fundi redio yeyote anazo, na hata ndani ya chaja mbovu ya simu mara nyingi utazikuta nne zimepangana.

Hilo la breki ni ethi. Vijiti vingi vya LED vina waya mbili, lakini vingine vina mmoja tu na vinategemea bolti yake iguse chuma cha fremu. Wewe umefunga kwenye plastiki. Hata vile vya waya mbili, kama umeunganisha ethi yake na ile ya taa ya breki na mahali hapo pana kutu, umeme wa breki wa wati 21 unakosa njia nzuri ya kurudi na kupanda kwenye indiketa. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye ethi ya taa za nyuma, nyingine kwenye hasi ya betri, shika breki. Ikizidi 0.2, ethi ni mbovu. Kipimo hicho ukikifanya kwa LED peke yake kitakudanganya, maana mzigo ni mdogo mno kuonyesha kosa.

bwana_rizista

Mbona mnamzungusha kijana? Rizista (kipingamizi cha umeme) moja ya ohimu 10 kila upande, kati ya waya wa indiketa na ethi, na kasi imerudi. Flasha ya asili inabaki.

fundi_waya

Inarudi, kaka, sikatai. Lakini piga hesabu: injini ikiwa inachaji, betri ina kama volti 13.5. Kwenye ohimu 10 hiyo ni wati 18 za joto kila taa inapowaka. Ukisubiri kukata kona pale kwenye mataa dakika mbili, rizista inaunguza kidole, na ikiwa imefungwa kwa kamba ya plastiki nyuma ya kava, kava linayeyuka. Anayeitaka lazima achague ya mwili wa aluminiamu, wati 25 au zaidi, na aifunge kwa bolti kwenye chuma cha fremu. Na bado ile taa ya dashibodi inabaki kuvusha umeme upande wa pili. Flasha inamaliza kwa kuchomeka tu.

dada_wa_vipuri

Naongeza rangi za waya, maana hapo ndipo wengi wanachoma fyuzi. GY6 nyingi zinafuata mtindo wa Honda: rangi ya chungwa ni indiketa ya kushoto, bluu hafifu ni ya kulia, kijivu ni kutoka flasha kwenda kwenye swichi, nyeusi ni umeme wa baada ya funguo, kijani ni ethi. Mwenye Yamaha asifuate hizo: kwake ethi ndiyo nyeusi, kushoto ni kahawia nzito, kulia ni kijani nzito. Umeona hatari yake? Nyeusi ya Honda ni umeme, nyeusi ya Yamaha ni ethi. Na skuta ya mtumba iliyopita mikononi mwa mafundi watatu usiamini rangi kabisa, pima kwa mita. Kabla ya yote toa waya wa hasi wa betri.

Kioo cha LED kikiwa cheupe, mwanga wenyewe lazima uwe wa chungwa. Kikiwa cha chungwa, bado nunua LED ya chungwa. Nyeupe ndani ya kioo cha chungwa inatoka imepauka na mchana haionekani.

Na usizibananishe kwa urembo. Vipimo vya kimataifa vya pikipiki vinataka za mbele ziachane angalau milimita 240, za nyuma 180. Zikikaribia taa kubwa, mwanga wake unazimeza na dereva wa daladala haoni unakata wapi.

msasa_na_rangi

Haya, bodi. Kabla ya gundi yoyote jua plastiki yako. Geuza kava, ndani kuna maandishi madogo ya aina ya plastiki: >ABS< au >PP<. Makava ya nje kwa kawaida ni ABS. Madigadi ya ndani na sehemu za kukanyagia mara nyingi ni PP. Kama maandishi yamefutika, kata kipande kidogo kama punje ya mchele, kioshe, kitumbukize kwenye maji ya bomba na kisukume chini kwa kidole. PP inapanda na kuelea, ABS inazama. Kipimo cha pili: tone la asitoni upande wa ndani. ABS inanata kidoleni, PP haijali.

Supaglu inaachia kwa sababu ikikauka ni ngumu kama kioo, na tundu la skrubu linatikiswa na injini saa zote. Kwa ABS fanya hivi. Toboa tundu la milimita 2 mwisho kabisa wa ufa. Bila hilo ufa utaendelea na safari hata ukizibwa vizuri. Chonga mfereji wa V juu ya ufa pande zote mbili, karibu nusu ya unene. Chukua vipande vya kava lililovunjika la ABS, vikatekate vidogo, weka kwenye chupa ya kioo, mimina asitoni ivifunike, funga, acha usiku kucha. Asubuhi unataka uji mzito, kama wa ulezi. Ukiwa mwepesi ongeza vipande. Asitoni iwe safi. Ile ya kutolea rangi ya kucha ina maji na mafuta, inaharibu mchanganyiko. Na iwe mbali na moto na sigara, inashika upesi.

Jaza kwa matabaka ya milimita moja, kila tabaka upe siku nzima. Ukijaza kwa mkupuo, juu panakauka na ndani asitoni inabaki, baadaye panadidimia au kutoa mapovu chini ya rangi. Nyuma ya tundu la skrubu zamisha kipande cha wavu wa chuma kisichoshika kutu kwa ncha ya moto ya soldaringi, kisha funika kwa uji huo huo. Ukirudisha skrubu, weka washa pana (kile kibati cha duara chenye tundu) na uache kukaza pale tu inapogusa. Makava mengi hayavunjwi na ajali, yanavunjwa na bisibisi.

Matundu ya indiketa: kata kipande cha ABS kikubwa kuliko tundu kwa sentimita 1.5 kila upande, kibandike kwa ndani na epoksi baada ya kukwaruza kwa msasa 80, kisha jaza juu. Puti ya magari iwe ya plastiki, ile inayonyumbuka, na isizidi milimita 2. Usibebeshe puti kazi ya kuziba tundu lote, itapasuka mviringo ule ule wa indiketa ya zamani na kila mtu atajua.

PP iache. Gundi za kawaida haziishiki, na rangi bila praima (rangi ya msingi) yake maalumu inabanduka kama ganda la kitunguu.

Rangi: osha kwa sabuni ya vyombo, msasa 400, futa kwa spiriti. Usifute ABS kwa asitoni wala tina kali, unapata vinyufa vidogo kama vya kikombe cha zamani. Praima, msasa 800 wa maji, rangi matabaka mawili hadi matatu membamba. Kliya ya hadina (koti la juu lisilo na rangi, linalochanganywa na kigumishi) mara nyingi ni kliya mbili kwa hadina moja, lakini soma kopo. Nusu lita ya rangi inatosha skuta nzima. Hadina hizo zina sumu ya mapafu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wake, tafuta ya vichujio.

Tanga hapa adui ni unyevu. Ukipuliza asubuhi na mapema au jioni, rangi ya tina inatoka na ukungu mweupe. Fanya kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kivulini, siku kavu; masika subiri yapite. Na hiyo isiyong'aa fikiria mara mbili: ikiingia vumbi au mkwaruzo huwezi kusugua na kung'arisha, pale uliposugua panang'aa peke yake. Ni kupuliza upya kava zima.

Rangi ya chombo imeandikwa kwenye kadi ya usajili. Ukibadilisha, pitia TRA warekebishe taarifa, kabla hujaulizwa barabarani.

fundi_waya

Kuhusu mkia: sehemu ya nje kata ukipenda, ila madigadi ya ndani iliyo kati ya tairi na injini iache. Ikitoka, tope na mchanga vyote vinarushwa kwenye boksi la chujio la hewa na kabureta. Na ukifumua makava usiguse kava la feni upande wa kulia wa injini. GY6 inapozwa kwa hewa inayosukumwa na feni hiyo. Likiondoka, hewa haifiki kwenye silinda. Taa ya namba na kiakisi chekundu vihamishie kwenye kibati kipya kabla hujakata cha zamani.

kijana_makorora

Shukrani sana wakuu. Nimepima: ethi ya nyuma kwenda hasi ya betri, breki imeshikwa, 0.9. Kava la mbele ni ABS, limezama. Je, ethi nisafishe ya zamani au nivute mpya?

fundi_waya

0.9 ni nyingi. Vuta mpya, waya wa milimita za mraba 0.75, kutoka taa za nyuma hadi bolti ya fremu karibu na betri. Kwangua rangi mpaka uone chuma cheupe, weka kichwa cha duara kilichobanwa vizuri, kaza, kisha paka grisi juu yake. Grisi ije baada ya kukaza. Ule waya wa zamani menya sentimita mbili uone: kama shaba ni ya kijani na inasagika kwa ukucha, chumvi imeshaingia ndani, na hata ukisafisha kichwa chake itarudi mwezi ujao. LED zote nne zipeleke kwenye ethi hiyo hiyo mpya, kisha pima tena breki ikiwa imeshikwa.