Tangu niumie kichwa nachora usiku na mchana, nishaurini

RangiZaUsiku: Habari zenu wakuu. Miezi 8 iliyopita niliteleza kwenye ngazi, nikapiga kisogo, nikapoteza fahamu siku 2. Kabla ya hapo sijawahi kushika brashi. Sasa nachora hadi alfajiri. Karatasi zikiisha nahamia ukutani, nyuma ya milango, hata chini ya meza. Watu wameanza kuuliza bei. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika. Je, kipaji hiki kinadumu au kitaondoka kama kilivyokuja?

MzeeKimya: Kipaji ni cha Mungu, si cha ngazi. Usiache kazi.

Daftari: Yapo haya. Tommy McHugh, fundi ujenzi wa Liverpool, alivuja damu kwenye ubongo mwaka 2001. Akaanza kupaka rangi kuta hadi dari, na aliendelea mpaka alipofariki 2012. Lakini Ravel, Mfaransa aliyetunga muziki uitwao Boléro, ubongo ulipodhoofika alisikia muziki kichwani akashindwa kuuandika. Majeraha mengi hupokonya.

MamaWawili: Hapo umesema. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Baada ya kiharusi alisahau hata jina langu, ila vidole vilibaki vinakunja shuka kama vinapima upindo. Mnapovisifu vipaji hivi, mtukumbuke na sisi.

ZamuYaUsiku: Mleta mada, pole sana. Ulipotoka hospitali ulipewa dawa gani, na unazinywa?

RangiZaUsiku: Dawa nilipewa. Mimi nimeuliza kuhusu kipaji jamani.

ZamuYaUsiku: Unazinywa?

RangiZaUsiku: Haya. Ni za kuzuia kifafa. Nimeacha wiki ya 3 sasa. Nikizinywa rangi zinanyamaza, mkono unakuwa mzito. Na kifafa chenyewe kilinishika mara 2 tu, tena usingizini. Mjue kwamba maisha yangu yote sijawahi kuwa na kitu changu mwenyewe.

KijitiCheusi: Hii chai. Umechukua habari za yule Mwingereza ukaongeza ngazi. Kama ni kweli, picha yako ya kwanza ilikuwa ya nini?

RangiZaUsiku: Mwingereza kamtaja Daftari, mimi nimemsikia hapa hapa. Picha ya kwanza ni jicho la nesi, la kushoto tu, limezungukwa na madoa ya unyevu ya dari. Nililichora wodini kwa kalamu ya kuazima kwa mgonjwa wa kitanda cha pili, nyuma ya karatasi ya maelekezo ya dawa.

KijitiCheusi: Samahani mkuu.

ZamuYaUsiku: Karatasi hiyo unayo? Igeuze uisome. Kuacha dawa hizi ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, na hicho kinaua. Aina ziko nyingi, na dozi hurekebishwa. Rudi kwa daktari kesho, umweleze habari za rangi kunyamaza kama ulivyotueleza sisi, na michoro umpelekee aione.

RangiZaUsiku: Niliibandika ukutani kwa gundi, jicho likiwa juu. Naibandua.