Antena bapa ya gigahezi 2.45: kwa nini kipimo hakilingani na modeli?

Swali
Wataalamu, naomba msaada. Nimesanifu antena bapa ya mstatili (kipande cha shaba juu ya ubao) kwa masafa ya gigahezi 2.45 juu ya ubao wa FR-4, ule wa kawaida wa saketi za kielektroniki, wenye unene wa milimita 1.6. Kwa permitiviti (kipimo cha jinsi ubao unavyopunguza kasi ya mawimbi) ya 4.4, hesabu zilinipa upana wa milimita 37.3 na urefu wa milimita 28.8, na modeli ya kompyuta ikakubaliana nazo. Nilipoitengeneza na kuipima, resonansi, yaani masafa ambayo antena hupokea nishati vizuri zaidi, ilitokea kwenye gigahezi 2.39. Je, kosa liko kwenye modeli au kwenye kipimo?

Jibu la kwanza
Huenda kosa lako ni kuiamini mno hiyo 4.4. FR-4 ni jina la daraja la ubao, na permitiviti yake hubadilika kulingana na uwiano wa nyuzi za kioo na gundi inayozishikanisha. Kwa kuwa masafa ya resonansi hupungua kadiri kipeuo cha pili cha permitiviti kinavyoongezeka, ukianzia 2.39 na kurudi nyuma utapata takribani 4.6, thamani ambayo ni ya kawaida kabisa kwa ubao huo. Iingize kwenye modeli, kisha punguza urefu kwa kama milimita 0.7, upana uache ulivyo.

Jibu la pili
Kabla hujakata shaba, kamata kebo kwa mkono huku ukitazama kioo cha kifaa cha kupimia. Mchoro ukisogea, basi kebo nayo inarusha mawimbi, na unachokipima si antena peke yake.

Jibu la tatu
Nakubaliana nao, ila mrejeo mdogo (nishati kidogo inayorudi kwenye kebo) usikuridhishe. Kikinza cha omu 50 kikifungwa mwishoni mwa kebo kitaonyesha mrejeo mdogo kuliko antena yako, ilhali hakirushi chochote hewani. FR-4 hupoteza nishati nyingi kwa njia ya joto katika masafa haya, kwa hiyo modeli isiyo na kigezo cha upotevu, ambacho kwa kawaida ni karibu 0.02, itakupa ufanisi usioweza kuupata mezani.

Muulizaji
Nawashukuru. Nimeshika kebo na mchoro haukusogea. Kwa 4.6, modeli sasa inaonyesha 2.40. Kigezo cha upotevu, nakiri, nilikuwa nimekiacha sifuri.